Git Huongea Sana Pasipo na Hatari

Toleo la 2.27 la Git lilipotoka Juni 2020, waandika programu walianza kukutana na onyo jipya kila walipoandika `git pull`, amri ya kuvuta kazi ya wenzao kutoka kwenye seva. Onyo lilisema si vyema kuvuta kazi bila kueleza namna ya kupatanisha matawi (mistari ya kazi inayokwenda sambamba) yaliyoachana, kisha likapanga amri za kuchagua. Lakini lilijitokeza hata pale ambapo hakuna tawi lililoachana na jingine. Njia nyepesi ya kulinyamazisha ilikuwa kunakili amri ya kwanza kwenye orodha, na amri hiyo haikubadilisha chochote: iliiambia Git iendelee na mtindo wake wa siku zote. Ilipofika 2021 utaratibu uligeuzwa. Git sasa husubiri hadi matawi yaachane kweli, na hapo haionyi tena. Inagoma mpaka uchague.

Kilichokosewa ni wakati wa kusema, na sayansi ya ubongo inaweza kueleza kwa nini jambo hilo lina uzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwalaza watu ndani ya mashine ya MRI wakawaonyesha maonyo ya usalama ya kompyuta. Kwa mujibu wa matokeo waliyochapisha 2015, sehemu za ubongo zinazoshughulikia tunachokiona zilipunguza kazi kwa kiasi kikubwa onyo lilipoonekana kwa mara ya pili tu. Kwa hiyo anayepita juu ya onyo bila kulisoma tusikimbilie kumwita mvivu. Macho yake yameliona. Ubongo umekwisha kuamua kuwa hakuna jipya.

Git ni programu ya kutunza matoleo: inaweka kumbukumbu ya kila hatua ya kazi ili watu wengi waweze kuandika programu moja bila kufutiana, na ili mtu aweze kurudi nyuma anapoharibu. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa kiini cha Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu nyingine ya aina hiyo. Watumiaji wa kwanza walikuwa mabingwa waliolelewa katika desturi ya Unix, ambako amri iliyofanikiwa hukaa kimya. Wanafunzi, watengeneza tovuti na watafiti wa takwimu walikuja baadaye, na ukimya ule kwao ulikuwa giza. Mwaka 2009 Git ikapata utaratibu rasmi wa madokezo, na mengi yanaweza kuzimwa moja moja katika mipangilio. Mwaka 2024 likaongezwa chaguo la kuyazima yote kwa mpigo, `--no-advice`.

Swichi hizo zina maana. Mwaka 2003 Slava Kalyuga, John Sweller na wenzao nchini Australia walieleza jambo ambalo walimu wengi walikuwa wakilihisi: maelezo yanayomsaidia anayeanza yanaweza kumrudisha nyuma aliyekwisha kubobea, kwa sababu inambidi ayalinganishe na yale anayoyajua tayari. Konda wa daladala anayetaja kila kituo anamfaa mgeni. Mwenyeji anataka asikie tu siku gari linapobadili njia. Shida ni kwamba Git haijui abiria wake ni yupi, na mtu mmoja anaweza kuwa mwenyeji wa `git commit`, amri ya kuhifadhi kazi, na mgeni kabisa wa `git rebase`, inayopanga upya historia yake.

Hata hivyo, nadhani tunapobishana juu ya mgeni na mwenyeji tunaacha swali kubwa zaidi: kosa analokaribia kulifanya mtu linarekebishika? Fungua toleo la zamani badala ya tawi, na Git itakumwagia aya kadhaa ikieleza kwamba sasa HEAD, alama ya mahali ulipo, imeachana na tawi, kwamba uko huru kujaribu, na jinsi ya kutoka. Ujumbe mrefu, tena wa kutisha kwa anayeanza. Lakini kazi uliyoihifadhi katika hali hiyo haipotei upesi. Kumbukumbu ya ndani iitwayo reflog huishikilia, kwa kawaida kwa siku zisizopungua 30, hata kama hakuna tawi linaloielekea.

Sasa andika `git reset --hard`. Mabadiliko ambayo hujayahifadhi yanafutwa, na kwa kawaida Git haina nakala ya kukurudishia. Unachopewa ni mstari mmoja unaotaja toleo ulilopo. `git restore` ukiielekeza kwenye faili huyafuta mabadiliko yako bila kusema neno. Maneno mengi yamekwenda kwenye hatari ndogo, na hatari kubwa imebakiziwa ukimya.

Git yenyewe ina mifano ya kufanya vizuri zaidi. `git clean`, inayofuta faili zisizofuatiliwa, hukataa kufanya kazi usipoongeza alama ya kuilazimisha. `git status` nayo hutoa madokezo chini ya kila kundi la faili: hili utaliongeza hivi, lile utalirudisha hivi. Hayo siyazimi, kwa sababu aliyeandika `git status` ameuliza swali, na anayeuliza hujibiwa.

Njia nyingine ni kupunguza haja ya maelezo. Mwaka 2019 Git ilileta `git switch` na `git restore` ili kugawana kazi za `git checkout`, amri moja iliyokuwa ikihamisha matawi na pia kufuta mabadiliko ya faili. Jujutsu, programu iliyoanzishwa na Martin von Zweigbergk, imekwenda mbali zaidi. Unapoendesha amri zake, nyingi kati ya hizo kwanza huhifadhi hali ya faili zako, hata zile ambazo hukuagiza zihifadhiwe, kisha programu huandika kila tendo katika daftari lake. Ukikosea unaandika `jj undo`.