Mimea Yetu (4): Dughulushi, Ua la Usambara Lililotajirisha Wengine

Magugumaji yaliyokwamisha vivuko vya Kigongo–Busisi, Ziwa Victoria, mwanzoni mwa 2025 yamenirudisha kwenye ua lisiloota porini kabisa huku kwetu Mwanza. Msomaji atanivumilia. Jinsi misitu ya milima ya Tao la Mashariki, ya Usambara ikiwemo, ilivyotengana na mingine tumekwisha kueleza. Leo ni zamu ya dughulushi.

Ni mmea mfupi, wenye majani manene ya manyoya na maua ya zambarau, unaoshikilia miamba yenye unyevu kivulini. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alimpelekea baba yake mbegu zake. Baba akazifikisha kwa Hermann Wendland wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha, kuwaenzi baba na mwana. Washambaa, wenye milima yao, hawamo katika jina hilo. Ernst Benary wa Erfurt akauza mbegu; miaka ya 1920 Armacost & Royston wa Los Angeles wakaja na aina zao. Jani moja likichomekwa udongoni hutoa mche, basi biashara ikaenea madirishani kote Ulaya na Marekani. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza ua hili katika jenasi ya Streptocarpus, jina la baroni likashushwa cheo. Sikulia.

Huku nyumbani, miaka ya 1970 na 1980, misumeno ya mashine iliingia Usambara Mashariki kwa msaada wa Finland, na iliki ikapandwa chini ya miti iliyosalia. Finland hiyohiyo ikaja kusaidia uhifadhi, na Hifadhi ya Amani ikatangazwa hukohuko mwaka 1997. Si lazima mtu aling'oe dughulushi: mti mkubwa ukianguka, jua linaupiga mwamba, na ua linakauka.

Na magugumaji niliyoanzia? Lile la zamani, lenye ua la zambarau vilevile, ni mgeni kutoka Amerika Kusini aliyesambazwa kwa uzuri wake, akatufikia kupitia Mto Kagera. Tunamlisha wenyewe kwa uchafu tunaoumwaga Mto Mirongo, kisha vivuko vilipokwama tukavilaumu.

Wenye vitalu wa Mwanza, acheni kutuuzia maua ya plastiki. Otesheni dughulushi kwa jani, na asithubutu mtu kwenda kuling'oa Amani.