Kilemba cha Utupu: Msanii Ugenini, Warsha na Nafasi ya Kariakoo

Kiswahili hakiruhusu neno "utupu" litumike kiholela, kwa kuwa neno hilo hubeba pia maana ya uchi, ilhali mahali palipoachwa wazi ili patumike huitwa nafasi, neno lilelile linalotaja fursa na wasaa. Tofauti hiyo ina uzito kwa anayetaka kuuelewa ukaazi wa wasanii, yaani utaratibu wa kumwalika msanii akae ugenini kwa wiki au miezi, apewe chumba cha kufanyia kazi na muda usiodaiwa na shughuli za nyumbani, mara nyingi kwa makubaliano kwamba ataendesha warsha na wenyeji. Mialiko ya aina hiyo hupenda kusifu ukimya na upweke, kana kwamba sanaa huota penye watu wachache. Lakini katikati ya Dar es Salaam, ambako kila shubiri ya ardhi ina mwenyewe, sifa hizo zina mushkeli.

Kariakoo, eneo la maduka jijini humo, inatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Fremu, yaani chumba cha duka kinachotazama barabara, haiwi tupu hata mpangaji wake anapofungasha, kwa sababu anayeondoka hudai kilemba, malipo ambayo mpangaji mpya humpa wa zamani ili amwachie mahali, mbali na kodi ya mwenye nyumba. Kinachonunuliwa kwa kilemba si kuta nne na shata la chuma, bali wateja waliozoea kupita hapo, jirani wa kushirikiana naye kuagiza mzigo, na mchukuzi anayejua pa kushushia robota bila kuulizwa. Kinyume chake ni jengo la Machinga Complex, Ilala, lililokamilika mwaka 2010 likiwa na vizimba zaidi ya 4,000, kila kizimba kikiwa eneo dogo lililopimwa kwa ajili ya mchuuzi mmoja. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya jengo hilo ilikaa bila watu, huku wachuuzi wakiendelea kutandika maturubai Mtaa wa Kongo na Msimbazi, ambako wateja walikuwapo. Kwenye jengo hilo palikuwa na utupu mwingi, na nafasi haba.

Upo pia utupu uliotengenezwa kwa makusudi. Mipango miji ya kikoloni iliigawa Dar es Salaam katika kanda za Wazungu, Wahindi na Waafrika, na Waingereza wakaacha ukanda mpana wa wazi kati ya Uhindini, kanda ya Wahindi, na Kariakoo ya Waafrika, kwa hoja ya kuzuia maradhi, ambayo haikuficha sana hoja ya rangi iliyokuwa nyuma yake. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja ya leo. Pahali palipokusudiwa kuwatenganisha watu pakaja kuwa uwanja wa mikutano ya hadhara, na hiyo ni kejeli ambayo wapimaji wa wakati huo hawakuichora kwenye ramani zao.

Mwendo mfupi kutoka uwanja huo, kwenye Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, Everlyn Nicodemus alifanya onyesho lake la kwanza mwaka 1980. Msanii huyo, aliyezaliwa Marangu mwaka 1954 na kuhamia Sweden mwaka 1973, alisomea Stockholm anthropolojia, elimu inayochunguza jamii na tamaduni za binadamu, lakini hakuridhika na jinsi taaluma hiyo ilivyowageuza watu kuwa vitu vya kutazamwa. Kati ya mwaka 1984 na 1986 alitekeleza mradi ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Mwanamke Ulimwenguni", akianzia Skive, mji mdogo wa Denmark, kisha Tanzania na Kolkata, India. Katika kila mahali alikaa na wanawake wenyeji, wakazungumza juu ya maisha yao, na mazungumzo hayo yakazaa michoro na mashairi. Huko Skive, Mwafrika ndiye aliyeuliza na Wazungu wakajieleza, jambo lililopindua kimya kimya desturi ya karne nzima ya utafiti.

Aliloshughulika nalo Nicodemus lilikuwa utupu wa namna nyingine, ule wa mambo yasiyosemwa, ambao hauondoki kwa msanii kujifungia peke yake na turubai. Warsha, ambayo wengi huihesabu kama ushuru anaoulipa msanii kwa wenyeji wake, kwake ilikuwa kazi yenyewe, na bila wale wanawake Skive ingebaki kwake mji wenye baridi tu. Thamani ya kazi zake ilichelewa kutambuliwa na taasisi kubwa: ni mwaka 2022 tu ambapo jumba la picha za watu la taifa, London, lilinunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982.

Dar es Salaam nayo hupokea wageni wa namna hiyo. Nafasi Art Space, kituo kilichoanzishwa Mikocheni mwaka 2008 kwa jina lililochaguliwa vyema kuliko pengine waasisi wake walivyodhani, huwaweka wasanii wenyeji na wageni katika studio za makontena, ndugu wa yale yanayotoka bandarini yakiwa na shehena ya maduka ya Kariakoo. Kontena likishapakuliwa halina kitu ndani ila mwangwi, na chuma chake hushika joto kali kuanzia saa nne asubuhi. Mlango ukiachwa wazi kwa ajili ya upepo, anayepita huiona kazi ikiwa nusu, huchungulia, kisha huingia na kuuliza.