Tovuti ya Kikundi Bila Kununua Seva

Kikundi cha wafugaji nyuki au duka la ushonaji linaweza kuwa na tovuti bila kuajiri fundi wa kompyuta. WordPress.com, iliyoanza mwaka wa 2005, huhifadhi kurasa, husasisha programu na kushughulikia usalama; mwenye tovuti huandika na kuweka picha tu, hata kwa simu. Kutumia ni bure, ila anwani huishia na wordpress.com na matangazo hujitokeza. Anayetaka anwani ya .co.ke huilipia kila mwaka kwa msajili aliyeidhinishwa na KeNIC, na hulipia pia kifurushi cha tovuti.

Tahadhari iko hapo. Anwani ikisajiliwa kwa jina la kijana aliyesaidia, akihama anaweza kuondoka nayo. Isajiliwe kwa jina na barua pepe ya kikundi, nywila wawe nayo mwenyekiti na katibu.