Kompyuta Inajizima na Kujiwasha Yenyewe: Kweli au Si Kweli?

Kompyuta ya nyumbani ikianza kujizima na kujiwasha yenyewe, ushauri huja wa kila namna. Jirani atasema ni kirusi. Shemeji atasema ni joto. Fundi, kabla hata hajalifungua kasha, atasema "tupige Windows upya". Mwenye mali atalipa, atapoteza picha za harusi na hesabu za duka, na wiki inayofuata mashine itarudia yaleyale. Huko ni kunywa dawa ya malaria bila kupima damu. Kujizima ni dalili tu. Chanzo chake hupimwa, na vipimo vingi havigharimu hata senti. Hizi hapa kauli saba zinazosikika sana, na ukweli wa kila moja.

1. "Ikijizima na kujiwasha, ina kirusi."

Mara nyingi si kweli. Kauli hii haikuzuka hivihivi. Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilipenya kwenye kasoro ya Windows XP na Windows 2000. Kisanduku kilitokea kwenye skrini kikihesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha kompyuta ikajizima na kuanza upya. Mwaka 2004 kikafuata Sasser na vituko vyake vilevile. Waliokuwa na kompyuta enzi hizo hawajasahau.

Lakini virusi vingi vya leo vinawinda fedha na maneno ya siri, na mwizi wa namna hiyo hapendi kujulikana yumo ndani. Isitoshe, Julai 19, 2024, balaa lililetwa na programu ya ulinzi yenyewe: sasisho moja bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, nyingi zikawa zinawaka na kuanguka tena na tena. Hapakuwa na kirusi hata kimoja. Ichunguze mashine kwa programu ya kusaka virusi, ndiyo, ila usiishie hapo.

2. "Dawa yake ni kupiga Windows upya."

Si kweli, mpaka ithibitike kwamba kosa ni la Windows. Kipimo chake ni rahisi. Washa kompyuta, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza Delete, F2 au kitufe kingine kinachoonyeshwa mwanzoni, kisha iache hapo kwa nusu saa au zaidi. Ukiwa ndani ya BIOS, Windows bado haijaanza kazi. Mashine ikijizima hapo, basi hata ukipiga Windows mara kumi utakuwa unaosha mikono ya asiyekula. Tatizo liko kwenye vyuma: umeme, joto, RAM (kumbukumbu ya muda) au ubao mkuu.

Ikitulia kwenye BIOS, usiseme imepona, kwa kuwa huko haifanyi kazi nzito. Iwashe kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na uitumie kama kawaida. Ikidumu kwenye Linux na kuanguka kwenye Windows tu, hapo shaka inaelekea kwa Windows, hasa draiva zake. Hata hivyo, jaribu kwanza kuondoa draiva au programu uliyoweka karibuni. Kupiga Windows ni hatua ya mwisho, na haianzi kabla mafaili yako hayajanakiliwa mahali pengine.

3. "Taa hazijazimika, kwa hiyo tatizo si umeme."

Si kweli, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea. Pawa saplai ya kompyuta inaweza kuvumilia pengo la umeme la milisekunde 16 au 17 hivi ikiwa nzima na imebeba mzigo wake wote. Kupepesa jicho huchukua zaidi ya milisekunde 100. Umeme unaweza basi kukatika na kurudi kabla hujapepesa, taa ya chumbani ikaonekana haikutikisika, na kompyuta ikawa imeanguka.

Angalia kinachotokea ndani ya nyumba wakati huo. Je, inaanguka pasi inapochomekwa, pampu ya maji inapoanza kuvuta au friji inapounguruma? Volti hushuka ghafla kifaa kizito kinapowaka, zaidi kama vyote vimepangwa kwenye ekstensheni moja iliyolegea. Ipeleke kompyuta kwenye soketi nyingine ya ukutani, peke yake, kwa siku kadhaa. Badilisha na waya wake wa umeme, maana plagi iliyolegea nyuma ya kasha huzima mashine kwa kuguswa na goti.

Kama bado, ishuku pawa saplai yenyewe. Dalili yake kubwa ni kuanguka pale kazi inapokuwa nzito: mchezo unapoanza, video inapotengenezwa. Kwenye mashine zilizotumika miaka mingi, chunguza pia kapasita za ubao mkuu, vile vikopo vidogo vilivyosimama wima. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyokufa huvimba kichwa, na nyingine huvuja uchafu wa kahawia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu ziliingia kwenye kompyuta za kampuni nyingi kubwa duniani.

Tahadhari moja: kabla ya kufungua kasha, chomoa waya wa umeme. Na sanduku la pawa saplai lenyewe usilifungue kabisa. Ndani yake umeme hatari hubaki hata baada ya kuchomoa. Ukiwa na shaka, jaribu pawa saplai nyingine iliyo nzima.

4. "Nina stebilaiza na UPS, nimelindwa."

Nusu kweli. Stebilaiza hurekebisha volti inapopanda au kushuka, lakini haihifadhi umeme. Ukikatika, nayo imezimika. Kifaa cha kulinda friji ndicho kibaya zaidi kwa kazi hii: volti ikishuka hukata umeme kwa makusudi na kusubiri dakika kadhaa. Kinalinda mali, lakini kazi yako uliyokuwa unaandika imepotea.

UPS ndiyo iliyoundwa kuziba pengo, na ya kawaida huhamia kwenye betri ndani ya milisekunde 10 au chini. Shida ni kwamba betri yake ya risasi huishi miaka 3 hadi 5, na kwenye joto huchoka mapema. Watu hununua UPS, wakaisahau chini ya meza miaka minane, wakaamini bado ipo kazini. Ipime: ichaji ijae, chomekea taa ya meza badala ya kompyuta, kisha chomoa UPS ukutani. Taa ikizima papo hapo, betri imekwisha. Mara nyingi huhitaji kununua UPS nyingine, betri mpya inatosha.

5. "Ni joto hilo, kompyuta inachemka."

Inaweza kuwa kweli. Prosesa za kisasa hujilinda. Nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kwanza hupunguza mwendo, na joto likizidi huizima mashine ghafla. Ukiona kompyuta inazidi kuwa nzito, feni inavuma kwa nguvu, kisha inazima, na ukiiwasha papo hapo inazima mapema zaidi, joto ndilo mshukiwa wa kwanza. Ikianguka dakika ya kwanza asubuhi wakati bado ya baridi, tafuta kwingine.

Vumbi ndilo chanzo cha kawaida. Toa kasha nje, tumia brashi laini na pampu ya kupulizia hewa, na shikilia mapanga ya feni yasizunguke unapopuliza. Kama mashine ni ya zamani, pesti iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoozea huenda imekauka, na mpya hupakwa kidogo tu. Kuweka feni ya chumbani mbele ya kasha lililojaa vumbi hakutibu kitu.

6. "Sugua RAM kwa kifutio, itapona."

Nusu kweli. RAM iliyolegea au yenye uchafu kwenye meno yake huangusha kompyuta, na mara nyingi kinachoponya ni kule kuichomoa na kuirudisha ikakaa sawasawa. Kifutio kinaweza kuondoa uchafu, ila huacha vumbi lake, kwa hiyo futa meno hayo kabla ya kurudisha. RAM iliyokufa haifufuliwi na kifutio. Ipime kwa programu ya MemTest86 usiku kucha. Kosa hata moja likionekana, pima kipande kimoja kimoja ujue kibovu ni kipi.

7. "Haijulikani kwa nini imezima."

Si kweli. Windows huandika daftari. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, utafute saa ileile kompyuta ilipoanguka. Namba 1074 ina maana programu au mtu aliagiza mashine ianze upya. Mara nyingi ni sasisho, na hapo hakuna ubovu: panga tu saa zako za kazi kwenye mipangilio ya Windows Update. Namba 41 ina maana mashine ilianza upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Haitaji mhalifu, lakini ndani yake namba ya kosa iitwayo BugcheckCode ikiwa 0, rudi kwenye kauli ya tatu na ya tano.

Tena, Windows imepangwa kujiwasha upya yenyewe baada ya kosa kubwa, ndiyo maana skrini ya bluu hupita kabla hujaisoma. Nenda kwenye Startup and Recovery, ondoa tiki kwenye Automatically restart, na safari ijayo ujumbe utabaki mbele yako uupige picha kwa simu.

Kwa hiyo, msomaji, leo hii nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kwa kuwa umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili hilo linaweza kuharibika moja kwa moja. Kisha andika saa ya kila anguko na ulichokuwa ukifanya. Ukimpelekea fundi karatasi hiyo, muulize amepima nini kabla hujamuuliza bei. Fundi mzuri atafurahi kujibu.