Kabla ya Kukata Tiketi, Hesabu Safari

Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayetibiwa kwa mionzi kwa lengo la kupona hupangiwa, mara nyingi, vipindi 25 vya mionzi ya nje: Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano mfululizo. Juu ya hivyo huja mionzi ya ndani, mara kadhaa tena. Kwa mionzi ya nje, kulala kwenye meza ya mashine ni dakika chache tu. Kinachokula siku na pesa ni njia.

Tumchukue anayeishi Kibaha na kutibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwenda na kurudi, yeye na anayemsindikiza, mara 25: hizo ni nauli mia moja, na bado hatujahesabu kwamba njiani wanabadilisha gari. Anayetoka Mbeya, zaidi ya kilomita 800, ana nauli nne za basi kwa muda wote huo. Shida yake ni pa kulala na cha kula. Watu humhurumia wa Mbeya. Wa Kibaha huambiwa "wewe si uko hapa hapa", na wiki ya tatu ikifika ameshauza kuku wote.

Hapo ndipo siku zinapoanza kurukwa, na siku za mionzi hazirukwi kama kliniki ya kawaida. Tiba ya saratani hii inatakiwa ikamilike, mionzi ya nje na ya ndani pamoja, ndani ya wiki nane hivi. Tiba ikisimama, seli za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuota upya, na huwezi tu kumpa mgonjwa kesho dozi mbili kwa mpigo kufidia ya jana.

Ndiyo maana ninawashauri wagonjwa waanzie kwa daktari, hata kabla ya kwenda stendi. Wagonjwa wetu humweleza daktari maumivu yote, ila la nauli huona haya kulitaja. Litajeni, tena siku ile ile mpango wa tiba unapoandikwa. Ulizeni: hizi safari zinaweza kupungua bila tiba kuharibika? Wakati mwingine jibu ni ndiyo. Kwa saratani ya matiti, wagonjwa wengi waliokuwa wakipewa vipindi 25 sasa hutibiwa kwa 15, na matokeo ni mazuri vilevile. Kwa maumivu ya saratani iliyosambaa hadi kwenye mfupa, kipindi kimoja tu huweza kutuliza sawa na vingi, ingawa baadaye uwezekano wa kuhitaji kurudia ni mkubwa zaidi. Si kila mgonjwa anafaa, na si kila mashine inaruhusu. Lakini daktari asiyejua kwamba unatoka Kilwa hana sababu ya kufikiria hivyo.

Dawa za saratani za dripu, zile za kila wiki tatu kwa mfano, zina mtego wake. Mgonjwa anasafiri usiku kucha, anapimwa damu asubuhi, seli nyeupe ziko chini, anaambiwa arudi wiki ijayo. Nauli imekwenda bure. Kipimo hicho cha damu hufanyika hata hospitali ya wilaya. Omba kituo kinachokutibu kikubali upime karibu na nyumbani siku moja au mbili kabla, upige picha karatasi ya majibu, uitume kwa simu, na uondoke ukishaambiwa "njoo". Hali kadhalika kinyama cha kupima saratani. Kikishakatwa, kinaweza kusafiri chenyewe hadi maabara kubwa, kimehifadhiwa vizuri na kuandikwa jina. Si lazima mwenye nacho akisindikize, wala asafiri siku ya pili kuuliza kama majibu yametoka.

Na kabla ya kuondoka, piga simu uulize kama mashine inafanya kazi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya umma nchini Uganda, pale Mulago, iliharibika kabisa, na wagonjwa wakalazimika kutafuta tiba nje ya nchi. Hitilafu ndogo za siku mbili tatu hutokea popote.

Sasa njia zenyewe. Kwa wa Dodoma na Morogoro, treni ya umeme iliyoanza 2024 imebadilisha mambo: haina mitikisiko ya basi, ina choo, jambo kubwa kwa mtu ambaye mionzi ya nyonga imemharisha, na inashusha katikati ya jiji, wakati mabasi ya mikoani yanaishia Stendi ya Magufuli, Mbezi, ambako bado kuna zaidi ya kilomita 20. Ilipoanza, daraja la kawaida Dodoma hadi Dar es Salaam lilikuwa shilingi 31,000. Kwa wa Kimara na Mbezi, mabasi ya mwendokasi ya Kivukoni ndiyo yenye unafuu, ila kutoka kituoni hadi hospitali kuna mwendo wa kando ya bahari ambao anayetoka kwenye dripu asijilazimishe kuutembea.

Omba zamu ya mionzi baada ya saa nne asubuhi, msongamano ukiwa umepungua. Faida si kupata kiti tu. Wakati wa kupanga mionzi, mwilini huchorwa alama za wino zinazoonyesha mashine ipige wapi. Msukumano wa daladala, jasho na nguo ya kubana huzifuta, na zikifutika mgonjwa hupimwa upya. Siku nyingine, safari nyingine. Vaa kanga au gauni la pamba lililolegea, na usisugue pale.

Majirani wawili watatu wanaotibiwa siku zilezile wakubaliane na dereva mmoja wa bajaji kwa bei ya mwezi mzima, jinsi wazazi wanavyofanya kwa watoto wa shule. Bodaboda ni rahisi kuliko bajaji, lakini mwenye saratani iliyoingia kwenye uti wa mgongo asipande: tuta moja huweza kuvunja pingili iliyokwisha dhoofika.

Pesa itoke wapi? Pita kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, na barua ya rufaa mkononi, umuulize kuhusu malazi na nauli, si msamaha wa matibabu peke yake. Kwa watoto, Tumaini la Maisha pale Muhimbili hushughulikia tiba na malazi bila malipo. Upande wa mtaani, huwa inanishangaza jinsi michango ya msiba inavyokamilika kwa siku moja huku mgonjwa akikosa elfu tano ya kwenda kliniki. Kikundi chenu kiteue mtu wa kushika nauli na kuitoa wiki kwa wiki. Pesa ikitolewa yote kwa mkupuo humezwa na ada na unga.

Serikali nayo haina haja ya kubuni kitu kipya. Mpango wa usafiri wa wajawazito, M-mama, unajulikana: familia inapiga 115 bure, dereva wa eneo hilo anamfikisha mjamzito hospitali, analipwa kwa simu. Kumpangia gari mgonjwa ambaye safari zake 25 zinajulikana tarehe na saa ni kazi nyepesi kuliko uchungu wa usiku wa manane. Kituo cha saratani cha Butaro, Rwanda, kimekuwa kikiwasaidia nauli wagonjwa wasio na uwezo.

Mpaka hayo yafike kwetu, kuna nauli moja isiyoguswa hata mfuko ukauke. Siku saba hadi kumi na nne baada ya dripu kinga ya mwili huwa chini kabisa. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo haisubiri asubuhi wala panadoli. Weka kando pesa ya gari la kukufikisha hospitali ya karibu yenye daktari, usiku huohuo, na namba ya dereva iandikwe ukutani.