Bahari Inaishia Wapi?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ya umma. Maneno hayo ni mepesi kuyasoma. Mnunuzi wa kiwanja Diani akishuka ufuoni kuitafuta alama yenyewe, ataona mstari wa mwani mkavu, vifuu na chupa za plastiki, na kesho mstari huo utakuwa pengine.

Kwa nini, kila mvuvi anajua. Maji hujaa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa dakika 50 hivi, wala hayajai kwa kimo kimoja. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, likaja bamvua. Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Baada ya wiki moja mivuto hiyo miwili hukingamana, yakawa maji mafu, na tofauti hubaki mita 1 na ushei. Nusu ya pengo hilo huwa upande wa kujaa na nusu upande wa kupwa, kwa hiyo kilele cha bamvua hukizidi kilele cha maji mafu kwa kama mita 1. Katika ufuo unaopanda mita 1 kwa kila mita 20, hizo ni mita 20 za ardhi, na kwa bei za viwanja vya pwani si haba.

Katiba haisemi ni maji yapi. Uingereza swali hili lilifika mahakamani, na mwaka 1854 ikaamuliwa kwamba bamvua na maji mafu yote mawili yaachwe, ushikwe wastani wa maji kujaa, kwa kuwa ardhi iliyo juu ya hapo huwa kavu siku nyingi za mwaka na mwenyewe aweza kuitumia. Uskoti, nchi jirani, hupima kwa bamvua la kawaida. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo mwaka 1935 ilitaka wastani wa miaka 18.6, maana njia ya mwezi huyumba polepole na mzunguko wake hukamilika kwa muda huo. Kwa hiyo alama hii haitafutwi kwa macho. Hupatikana kwa vipimo vya miaka, kisha mpima ardhi akaishusha ufuoni. Binafsi naona Waskoti wamewatendea haki zaidi watu wanaopita ufuoni kwa miguu.

Ziwani mambo ni magumu zaidi, kwani hakuna bamvua la kutegemea. Victoria ilipanda kama mita 2.5 kati ya 1961 na 1964 kwa mvua kubwa, ikashuka sana 2006, na Mei 2020 ikaifikia tena rekodi ya 1964. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kati ya 2006 na 2020 maji yalipanda karibu mita 3. Kwa mteremko kama ule wa mfano wa ufuo hapo juu, aliyezipima mita 60 zake mwaka 2006 alikuta zote zimo majini.