Kikapu cha Handa na Hesabu za Watoto Wetu

Mtoto wa miaka mitano akitamka moja hadi ishirini bila kukwama, wazazi hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini mwekee vizibo vinane vya soda mbele yake, kisha mwombe akupe vitano. Wengi watavizoa kwa kiganja na kukukabidhi vyote. Wengine watahesabu vizuri hadi tano, halafu wataendelea mpaka vizibo viishe, maana wimbo wa namba bado unawatoka mdomoni. Kutamka namba kuko mbali sana na kujua idadi. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali mjini Morogoro, na kazi yangu kubwa ni kumvusha mtoto kutoka kwenye kukariri hadi kwenye kuelewa. Katika kazi hiyo, kifaa ninachokitegemea kuliko vyote ni kitabu cha hadithi chenye picha.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1978 kanuni tano ambazo mtoto hufuata anapohesabu kwelikweli. Kila kitu kipewe namba moja tu, kisirukwe wala kisihesabiwe mara mbili. Namba zifuatane kwa mpangilio usiobadilika. Namba ya mwisho kutamkwa ndiyo idadi ya vitu vyote. Chochote kinaweza kuhesabiwa, kiwe kuku au makofi. Na popote utakapoanzia, kulia au kushoto, idadi ni ileile. Mtu mzima anayaona haya kuwa mepesi mno hata hayahitaji kufundishwa. Kwa mtoto ni mambo mazito, na kuimbishwa peke yake hakutoshi kumwelewesha. Huyaelewa pale anapokuwa na sababu yake mwenyewe ya kutaka kujua vitu ni vingapi, na hadithi humpa sababu hiyo.

Chukua kitabu cha Eileen Browne kiitwacho *Handa's Surprise*, kilichotoka mwaka 1994. Hadithi yake inatokea Kenya, katika nchi ya Waluo. Handa anatia matunda saba kikapuni ampelekee rafiki yake Akeyo wa kijiji cha jirani: ndizi, pera, chungwa, embe, nanasi, parachichi na pasheni. Anajitwika kikapu, anashika njia, huku akiwaza ni tunda lipi Akeyo atalipenda zaidi. Maneno ya kitabu yanaeleza mawazo hayo tu. Picha zinaeleza habari nyingine kabisa. Tumbili ananyoosha mkono kutoka mtini na kuichukua ndizi. Mbuni anadonoa pera. Pundamilia anaondoka na chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, na mwisho kasuku anaruka na pasheni. Hakuna mahali maneno yanapomtaja mnyama hata mmoja.

Kwa hiyo watoto wanajua jambo ambalo Handa mwenyewe halijui, na hawawezi kulivumilia. Wanapiga kelele, wanamwonya, wanasimama mkekani. Hapo hesabu imekwisha kuingia, hata kabla sijaandika namba yoyote ubaoni. Mnyama mmoja, tunda moja: hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kuhesabu. Tumbili wa kwanza, mbuni wa pili, pundamilia wa tatu: huo ni mpangilio. Saba, sita, tano, nne: huko ni kutoa, na kila mtoto anaona kwa macho yake kilichoondoka na aliyeondoka nacho.

Tembo anapochukua embe, naufunika ukurasa kwa kiganja na kuuliza, "Kikapuni yamebaki mangapi?" Safari moja msichana mmoja mpole, asiyependa kunyoosha mkono, alinionyesha vidole vitatu. Nikamuuliza, "Umejuaje?" Akajibu, "Wezi wanne, mwalimu. Na matunda yalikuwa saba." Matunda hakuyaona, maana nilikuwa nimeyafunika. Alianzia kwa wanyama, akafika kwenye yale yaliyobaki. Tukaweka vizibo saba sakafuni na kuzirudia hatua zote: mmoja ameiba, sita yamebaki, wawili wameiba, matano yamebaki, watatu wameiba, manne yamebaki. Kila mara jumla inarudi kuwa saba. Mtoto aliyeliona hilo amekwisha kugusa kujumlisha na kutoa kwa pamoja, na ameona kuwa ni ndugu.

Kasuku akishaondoka na pasheni, nauliza tena. "Hamna kitu!" wanajibu kwa sauti moja. Hapo ndipo ninapoandika 0 ubaoni. Sifuri ni ngumu kwa mtoto, kwa sababu hakuna kidole cha kuikunjia. Wanangu wa darasani wanaielewa kwa kuwa wanafahamu ilikotoka. Kisha mbuzi aliyekata kamba anaupiga mchenza kwa kichwa, machenza yanaporomoka na kukijaza kikapu, naye Handa hana habari. Hapo siwaambii wahesabu. Nawauliza tu, "Ni zaidi ya saba au pungufu ya saba?" Kukadiria kwa jicho nako ni hesabu, na shuleni tunakusahau mno.

Kugawanya nakufundisha kwa hadithi nyingine, *The Doorbell Rang* ya Pat Hutchins ya mwaka 1986. Mama amewaokea watoto wake wawili biskuti 12, sita kwa kila mmoja. Kabla hawajala, kengele ya mlango inalia, wanaingia wageni wawili. Sasa ni tatutatu. Inalia tena, wawili wengine; mbilimbili. Inalia tena, safari hii wageni sita, mojamoja. Mimi naisimulia kwa Kiswahili, biskuti zinakuwa maandazi na kengele inakuwa hodi. Watoto wawili wanakaa mbele ya sinia lenye vizibo 12, wengine wanasubiri nje ya mlango. "Hodi!" Darasa zima linaitikia, "Karibu!" Kila wageni wanapoingia, maandazi yanarudishwa siniani na kugawanywa upya, moja kwako, moja kwake, hadi yaishe. Sijapata kuwafundisha kwamba walaji wakizidi fungu linapungua. Wanalisema wenyewe, tena kwa masikitiko.

Kitabuni, hodi ya mwisho ni ya bibi aliyekuja na sinia kubwa la biskuti. Kabla sijafika huko, husimama na kuuliza, "Watu ni 12, kila mmoja ana andazi moja, na mgeni yuko mlangoni. Tufanyeje?" Siku niliyoleta maandazi ya kweli, mvulana mmoja alisema, "Langu tulikate katikati." Tukalikata. Hakutosheka. Akachukua kipande kimoja, akakilaza juu ya kingine, akatazama kingo kama zinalingana, ndipo akampa mgeni wake. Nusu ni fungu moja kati ya mafungu mawili yaliyo sawa, na mtoto huyo alidai usawa huo mwenyewe kabla hajalisikia neno hilo kwangu.

Nchini Uholanzi, mtafiti Marja van den Heuvel-Panhuizen na wenzake walilipima jambo hili katika madarasa 18 ya chekechea. Katika nusu ya madarasa hayo, walimu waliwasomea watoto vitabu vya picha kwa miezi mitatu. Nusu nyingine iliendelea na masomo kama kawaida. Walipopimwa hesabu, watoto waliosomewa vitabu walikuwa wamepiga hatua zaidi. Na vitabu hivyo vilikuwa hadithi nzuri tu, havikutungwa kwa ajili ya kufundishia hesabu.

Hilo la mwisho lina uzito wakati wa kuchagua kitabu. Vipo vitabu vingi vyenye tembo mmoja ukurasa wa kwanza na simba wawili ukurasa wa pili, basi. Vinafaa kwa kujifunza majina ya namba, ila namba hazibadilishi chochote. Tafuta hadithi ambayo idadi ikibadilika, mambo ya wahusika yanabadilika. Picha ziwe wazi kiasi kwamba mtoto anaweza kugusa kila kitu kwa kidole. Na maneno yasimalize kila jambo. Yamwachie mtoto kitu cha kugundua.

Namna ya kusoma nayo ina taratibu zake. Mara ya kwanza nasoma hadithi mwanzo hadi mwisho, bila swali lolote la hesabu, ili watoto waipende kwanza. Nikiirudia, ndipo ninaposimama mahali pawili au patatu. Maswali yangu ni matatu: Mangapi? Umejuaje? Ingekuwaje kama? Mtoto akitoa jibu lisilo sahihi, tunarudi kwenye picha na kuhesabu pamoja, naye mara nyingi hujirekebisha mwenyewe. Vipindi vya televisheni kama *Ubongo Kids*, vinavyotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, vimewafanya watoto wengi wapende hesabu kwa Kiswahili, nami navishukuru. Ila ukurasa wa kitabu una subira. Unamngojea mtoto anayefikiri polepole.

Najua swali la wazazi: vitabu hivyo tutavipata wapi? Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, umeweka kwenye intaneti hadithi nyingi za picha, zikiwemo za Kiswahili, za kusoma na kuchapisha bure. Hapa Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukihimiza uandishi na uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili tangu 1991. Na kitabu unaweza kukitengeneza: karatasi ya manila ikunjwe na kushonwa kwa uzi, ichorwe kuku na vifaranga kumi, na kila ukurasa mwewe anyakue kimoja. Bibi asiyejua kusoma anaweza kukisimulia, hata kwa Kiluguru, kwa sababu hesabu yote iko kwenye picha.

Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika shule nyingi K hizi zimewekwa mbalimbali kama watu wasiosalimiana. Kitabu cha hadithi kinahesabiwa ni mali ya kusoma, na kuhesabu kunaachiwa ubao na chaki. Naziomba kamati za shule, zinapopanga manunuzi, ziweke vitabu vya hadithi kwenye fungu la kuhesabu pia. Nawaomba wazazi wanaomsomea mtoto hadithi wasimame mahali pamoja tu, waulize "Umejuaje?", kisha wanyamaze mpaka ajibu. Jibu lake la "tatu" litakuonyesha kuwa amepata. Maelezo yake yatakuonyesha anavyofikiri, na mwalimu au mzazi anayejua mtoto anavyofikiri anajua pia hatua inayofuata ya kumfundisha.